Bwana Ngozi Mbele ya Mama Mzazi

Mlango wa lifti ukafunguka, na pale nje, mkoba kifuani na kilemba cha sherehe kichwani, alisimama mama mzazi wa Roy.

Hapo ndipo nilipowaacha, na nasikia wengine wenu mmenilaani wiki nzima. Nimestahili. Sasa nimkumbushe kidogo aliyechelewa, kisha twende mbio.

Roy Owuor, mzaliwa wa Kisumu, dereva wa tramu mjini Rotterdam, alikuwa ametua Johannesburg Ijumaa kwa wikendi moja tu. Hakuja kutazama simba. Alikuja kwa sababu mwaka huu yeye ndiye Bwana Ngozi, mwenye taji ambalo wanaume wa Rotterdam wanaopenda wanaume, na wanaopenda ngozi, humpa mmoja wao kila mwaka. Ninaposema ngozi nasema buti, mikanda, makoti meusi yanayong'aa kama gari jipya. Sasa wenzao wa Johannesburg walikuwa wanamchagua Bwana Ngozi wao wa kwanza, Jumamosi hiyo hiyo, kwenye klabu moja ya Randburg. Roy ndiye aliyealikwa amvishe mshindi mshipi wa begani.

Basi mtazame ndani ya lifti ya hoteli ile ya Sandton. Suruali ya ngozi. Buti hadi magotini. Koti wazi, kifua wazi, mikanda miwili ikipishana juu ya moyo. Kofia ya ngozi imelala upande. Na begani mshipi mwekundu wenye maandishi ya fedha yanayotangaza cheo chake kwa yeyote mwenye macho.

Kando yake, Naseeb, fundi wa ngozi kutoka Tanga, mmoja wa washindani wa jioni hiyo, ndani ya kizibao alichokishona kwa mkono wake. Walikutana Ijumaa kwenye dansi. Hawakuwa wameachana tangu hapo.

Mama Roy hakujua kwamba mwanawe yuko Afrika. Roy hakujua kwamba mama yake yuko Johannesburg. Tangu walipomzika baba, simu zao zilikuwa za Krismasi na Pasaka.

Wakatazamana. Mlango wa lifti ukaanza kujifunga.

Mama akachomeka mkoba katikati.

"Roy! Simu zangu hupokei, sasa na mlango unanifungia?"

"Mama... uko hapa?"

"Mimi ndiye ninayekuuliza. Nimekuja kubatiza mtoto wa Valerie. Wewe umekuja kubatiza nani?"

Roy akatoka ndani ya lifti kama mtu anayetolewa korokoroni. Mama akamkagua kuanzia kofia, akashuka polepole, akafika kwenye buti, akapanda tena.

"Umeingia jeshi?"

"Hapana, mama."

"Ni nguo za pikipiki?"

"Sina pikipiki."

"Shikamoo, mama," Naseeb akasema, kichwa chini.

"Marahaba. Wewe angalau ulifundishwa." Kisha akamrudia mwanawe. "Nangoja."

Ewe msomaji, uongo ulikuwa mwingi pale, umejipanga kama teksi nje ya uwanja wa ndege. Roy angesema wanapiga filamu. Angesema ni mchezo wa kazini. Mama angeamini, angefurahi, angekwenda zake.

Roy akavua kofia.

"Mama, mimi ni shoga. Hizi ndizo nguo zetu. Na huu mshipi nimeushinda, sikuuokota."

Kutoka ukumbi wa pili zikaja sauti za vijiko na mtu akijaribu kipaza sauti: moja, mbili, moja, mbili.

Mama akanyoosha kidole, akagusa yale maandishi ya fedha.

"Umeshinda?"

"Nimeshinda."

"Ulishindana na watu wangapi?"

"Mama, kwani hilo ndilo—"

"Nimekuuliza watu wangapi."

"Kumi na mmoja."

"Hm," akasema Mama Roy, na hakuna binadamu angeweza kujua hiyo hm ilikuwa na nini ndani.

Wala hakupata nafasi ya kuongeza. Mwanga mkali ukawapiga usoni, mara moja, mara mbili. Mtu alikuwa anawapiga picha!

Alikuwa Gikonyo.

Huyu ni mume wa Valerie, dada yake Roy. Meneja wa benki hapo hapo Sandton, mzee wa kanisa, mwenyekiti wa ushirika wa Wakenya. Mtoto wake angebatizwa kesho, na ule ukumbi wenye vijiko ulikuwa umejaa wageni wake. Alikuwa amekuja kumtafuta mama mkwe aliyepotea akitafuta choo.

"Shemeji," akasema kwa sauti ya mvuke unaotoka chini ya mfuniko. "Shemeji, leo? Hapa?"

"Habari ya siku nyingi, Gikonyo."

"Usiniambie habari! Pasta yuko mle ndani. Bosi wangu yuko mle ndani, na mke wake. Utatoka kwa mlango wa nyuma, upitie jikoni, na nisikuone tena. Ukikanyaga tu mbele ya ule ukumbi, hii picha inaingia grupu la familia, grupu la kanisa, na Kisumu nzima italala nayo."

Roy akacheka. Alikuwa amengoja miaka mingi mtu amtishie hivyo mahali ambapo sheria iko upande wake.

"Itume! Hapa tulipo, katiba inanitambua kuliko wewe unavyonitambua. Tuma, na uandike jina langu sawasawa. Owuor. Usikosee herufi."

Macho ya Gikonyo yalikuwa yamehama. Yalikuwa yamekaa juu ya Naseeb.

"Na wewe nakujua. Si ndiwe mshonaji wa Mzee Vuai, duka la mikoba la Fordsburg? Mke wangu hununua kwenu. Nina hata namba ya mzee."

Rangi ikamtoka Naseeb usoni.

"Tuma, nimesema!" Roy akanguruma.

Naseeb akamkamata mkono, akaufinya.

"Kaka Roy, nyamaza. Wewe Jumatatu unapaa zako. Mimi nalala nyumbani kwa ami Vuai. Huo ushujaa wako usiulipie kwa ngozi yangu."

Maneno yale yalimpiga Roy kuliko picha elfu. Akaona ghafla jinsi alivyosimama: mtu mwenye tiketi ya kurudi mfukoni, akitupa mawe kutoka nyumba ya mwenzake.

Akashusha sauti.

"Tukipita nyuma utaifuta?"

"Naapa mbele ya Mama."

"Ifute sasa."

"Nikishaona mgongo wenu."

Kisha Gikonyo akafanya jambo moja dogo. Alimshika Mama Roy kiwiko ili amrudishe ukumbini.

Msomaji wa kutoka upande wa ziwa ameshashtuka. Kwa Wajaluo, mkwe hamgusi mama mkwe wake. Hawali meza moja ovyo, hawapigiani kelele, kuna heshima yake. Mama Roy aliutazama tu ule mkono, mpaka ukaondoka wenyewe.

Roy na Naseeb wakapita jikoni.

Mvuke, mafuta, sufuria zikigongana. Wapishi wakageuka mmoja baada ya mwingine. Roy alitembea macho mbele, masikio yakiwaka, akisubiri kicheko.

"Ee! Papa! Simama kwanza!"

Mpishi mmoja Mkongo, Gradi ndilo jina lililoshonwa kwenye koti lake jeupe, alikuwa ameacha kisu chake juu ya ubao. Akawazunguka wote wawili, mikono nyuma, kama mnunuzi wa farasi.

"Hii ngozi ni ya wapi? Geuka kidogo nikuone. Mon Dieu! Na hii kizibao, nani alishona?"

"Mimi," akasema Naseeb.

"Wewe? Mukono yako ibarikiwe." Kisha akakunja uso. "Lakini mbona munapita huku kwa masufuria? Kwetu mutu akivala hivi anapita mbele, watu wamuone."

"Kuna mtu ametuomba," Roy akasema.

"Amewaomba ao amewafukuza?"

Roy akausukuma mlango wa nyuma, wakatokea kwenye mapipa ya taka, na Johannesburg ikawapokea kwa jua lake la jioni lililo jekundu kama embe.

Wakapanda teksi. Walipita robot, ndivyo huku wanavyoziita taa za barabarani, ya kwanza, ya pili, wakashika barabara ya Randburg. Dereva alikuwa ameweka redio, akawa anawaangalia kwenye kioo, akatabasamu, akasema "Sharp, madoda," yaani safi, wanaume, akaendelea na yake.

Mwishowe Naseeb akasema, "Sishindani tena."

"Naseeb..."

"Sikiliza. Nilipofika mji huu nilikuwa na homa, sina hata koti, na ni baridi ya Julai. Ami Vuai alinilaza kitandani kwake, yeye akalala dukani juu ya maboksi. Alinisaidia kupata cherehani yangu ya ngozi. Hajawahi kuniuliza kwa nini sioi. Unafikiri namwogopa kwa sababu ni mkali? Namwogopa kwa sababu ni mwema."

Roy akavua kofia, akaizungusha magotini.

"Nilicheza na maisha yako kule ndani. Nisamehe."

"Nimeshakusamehe. Ungekuwa na roho mbaya nisingecheza nawe Ijumaa mpaka viatu vikalia."

"Basi njoo tucheze tu. Mshipi uache."

Naseeb akamwangalia kwa jicho la pembeni. "Kucheza nacheza. Nani alisema nimekufa?"

Na walicheza!

Laiti ungeiona klabu ile. Uani nyama ikichomeka, moshi ukipanda, na wanaume wa kila umbo wakilamba vidole. Walikuwapo vijana wa Soweto kwenye suruali za ngozi zilizobana mpaka unajiuliza waliingiaje. Walikuwapo wageni kutoka Gaborone na Maputo. Walikuwapo wazee wawili wa Kizungu kutoka Pretoria, wapenzi tangu enzi ambazo polisi wangewabeba wote wawili, na makoti yao yamechakaa kwenye viwiko kama viti vya kanisa. Kila mmoja alitaka kumshika mkono Roy, kuugusa mshipi, kupiga naye picha. Na kila picha Roy aliuliza kwanza: "Kila mtu hapa yuko radhi uso wake uonekane?" Alikuwa amejifunza.

DJ, mwanamke mmoja mwenye kipara na meno ya dhahabu, akaachia amapiano. Ngoma ile inaanza chinichini kama siri, kisha inakukamata kiuno. Pembeni kulikuwa na kundi la Wabongo, Wakenya na Warundi, wanapigiana kelele kwa Kiswahili cha kila aina, na walipomwona Naseeb wakamwita "Tanga! Tanga!" Akaingia katikati yao, mabega yakimwenda, kizibao kikimeremeta. Roy akamfuata. Hapo wakasahau Sandton, wakasahau jikoni, wakasahau hata majina yao.

Simu ya Roy ikatetemeka mfukoni. Valerie.

Akakimbilia uani, akaziba sikio moja.

"Roy, ameituma!"

"Ameituma nini? Aliapa!"

"Ameituma kabla hamjafika hata mlango wa nyuma. Grupu zote. Na yule mzee wa mikoba pia, amemtumia peke yake, na maneno mabaya chini yake. Mimi nimeiona mezani, mbele ya keki."

Roy akaegemea ukuta. Kwa hiyo walikuwa wamepita kwenye masufuria bure. Walikuwa wameinamisha kichwa bure.

"Roy, uko klabu gani?"

"Kwa nini?"

"We niambie tu, sina muda!"

Akamwambia. Simu ikakatika.

Alipogeuka, Naseeb alikuwa amesimama nyuma yake, simu yake mwenyewe sikioni. Alikuwa anasikiliza ujumbe wa sauti. Hakuhitaji kueleza ni wa nani. Ulikuwa mfupi. Akausikiliza mara ya pili, akaishusha simu.

"Ami anasema nisirudi. Nguo zangu ataniwekea nje ya duka."

Roy akafungua mikono amkumbatie. Alitegemea machozi. Naseeb akacheka, kicheko kikavu, kifupi, kikamshtua.

"Unajua, kaka, miaka yote hii nimetembea na woga kama mtu aliyebeba yai kichwani. Sikimbii, siinami, sigeuki. Leo wameliangusha. Shingo yangu imepona!" Akajifuta jasho, akafunga vifungo vya kizibao. "Twende. Mimi ni mshindani wa nne, na bado hawajaniita."

Mshereheshaji alikuwa mwanamume aliyevaa gauni la bluu lenye mkia mrefu, wigi juu kama mnara, na sauti ya kuamsha wafu wa Durban. Washindani wote waliulizwa swali moja: kwa nini wewe? Wa kwanza alijibu kwa Kiingereza. Wa pili na wa tatu kwa Kizulu, wakashangiliwa mpaka paa likatikisika.

Naseeb akapokea kipaza sauti.

"Mimi nitajibu kwa Kiswahili. Asiyeelewa aulize jirani."

Kundi la pembeni likalipuka. "Sema, Tanga!"

"Kazi yangu ni ngozi. Ngozi mbichi inanuka. Unailoweka, unaikwangua, unaipiga, unaianika. Watu wengi huikimbia hapo. Halafu hao hao ndio wanakuja dukani wananusa mkoba na kusema, ah, ngozi halisi! Jamani, mimi jioni hii nimeanikwa. Kwenye simu za watu nisiowajua. Nimekwanguliwa, nimepigwa. Na ami yangu ninayempenda amenitoa nyumbani. Basi nauliza: mmebakiza nini? Kama mmemaliza, mimi nimekwishaiva. Sitarudi kuwa mbichi kwa ajili ya mtu."

Akarudisha kipaza sauti, akashuka.

Waliokuwa wanaelewa walikuwa wanalia na kupiga makofi pamoja. Wasioelewa waliwauliza majirani, na kelele zikaja kwa mafungu, fungu baada ya fungu, kama mvua inayovuka mabati.

Lakini Roy, aliyekaa kando ya meza ya waamuzi, hakupiga makofi. Alikuwa anatazama mlangoni.

Walinzi wawili wenye vifua kama makabati walikuwa wamesimama hawajui la kufanya. Mbele yao alikuwa mwanamke mzee mwenye kilemba cha sherehe. Hawakujua kama inafaa kumpekua mkoba. Yeye aliufungua, akawaonyesha Biblia, leso na chanuo, akaufunga, akapita. Nyuma yake Valerie, funguo za gari mkononi, viatu vya kisigino vimeshikwa kwa mkono mwingine.

Watu wakampisha Mama Roy kama bahari ile ya kwenye Biblia yake.

Roy alikuwa ameshasimama. "Mama! Umefikaje?"

"Kwa gari. Dada yako anaendesha vibaya."

"Na Gikonyo?"

Mama akakalia kiti alichovutiwa, akaweka mkoba mapajani.

"Gikonyo ameniinulia sauti. Mimi. Nimesema naenda kumwona mwanangu, akasema hapana, mbele ya watu. Basi na mimi nikamjibu mbele ya watu. Nikamwambia: mkwe wangu, ulikuja kwangu ukaomba binti, nikakupa. Mvulana hukuomba. Huyo bado ni wangu, na huna ruhusa ya kumgawa."

Valerie akacheka huku analia. "Roy, pasta alishindwa hata kumeza."

Roy akapiga goti chini, ngozi ikilia, akaishika mikono ya mama yake. "Kwa hiyo umekubali, mama?"

"Nani amesema nimekubali?" Mama akatoa mikono yake. "Mimi sijaelewa hata nusu. Mimi na wewe tuna maneno, tena mengi, na utanijibu moja moja. Lakini maneno ya mwanangu nitayasikia kwa kinywa cha mwanangu. Siwezi kuyasoma kwa simu ya Gikonyo." Akatazama huku na huku, akawaona wale wazee wawili wa Pretoria, wakamwinulia glasi, akawaitikia kwa kichwa kama anavyoitikia majirani. "Hapa kuna chai?"

"Hakuna, mama. Kuna soda ya tangawizi."

"Nileteeni." Kisha akainua kidevu kumwelekea Naseeb, aliyesimama chini ya jukwaa. "Yule kijana ndiye aliyenipa shikamoo?"

"Ndiye. Nyumbani wamemfukuza, kwa ile picha."

Mama Roy akasonya msonyo mrefu uliosikika juu ya muziki.

Waamuzi wakainamiana vichwa. Hawakuchukua muda. Mshereheshaji akapewa jina, akalisoma kimya kimya, akafumba macho, akavuta pumzi ya kuwatesa watu.

"Bwana Ngozi wa kwanza wa Johannesburg... Naseeb!"

Ah! Klabu ikapasuka. Kundi la pembeni lilimbeba Naseeb juu juu, likamtua jukwaani bila miguu yake kugusa ngazi. Valerie alikuwa amepanda juu ya kiti. Hata Mama Roy alikuwa anapiga makofi, ya heshima, ya polepole, kama kwenye harusi ya mtoto wa jirani.

Roy akapanda jukwaani na mshipi mpya mikononi, mweusi, maandishi ya dhahabu. Naseeb akainamisha kichwa. Roy akainua mshipi.

"Naseeb!"

Sauti ile haikutoka kwenye kipaza sauti, lakini ilifika kila kona. DJ akazima muziki.

Mlangoni alisimama mzee mwembamba, kofia ya vito kichwani, koti la kazi juu ya kanzu. Vidole vyake vilikuwa bado na madoa ya gundi ya ngozi. Alikuwa anahema.

"Ami," Naseeb akanong'ona.

Mzee Vuai hakutazama wanaume waliomzunguka. Hakutazama gauni la bluu. Alimtazama mtoto wa ndugu yake peke yake.

"Nilikupelekea maneno kwa hasira. Nimeona si uungwana, nimekuulizia mpaka nimefika hapa mwenyewe. Shuka, mwanangu. Vua hivyo, twende nyumbani. Kitanda chako kipo, cherehani yako ipo. Na jambo hili hatutalitaja tena mpaka tunaingia kaburini."

Tusi Roy angelijua namna ya kulijibu. Ngumi angeijua. Lakini huu ulikuwa mlango uliofunguliwa kwa upendo, na ndani yake kulikuwa na giza lile lile la zamani.

Alitaka kusema. Ulimi ulikuwa umeshafika menoni. Akamwona mama yake kule chini, anamtikisia kichwa: hapana. Safari hii Roy alinyamaza.

Naseeb akautwaa mshipi kutoka mikononi mwake. Hakuuvaa, hakuutupa. Akashuka ngazi moja moja, akiwa ameubeba juu ya viganja viwili kama mtu anayepeleka kitambaa cha heshima. Watu wakajitenga. Buti zake tu ndizo zilizosikika, sakafu nzima, mpaka akasimama mbele ya mzee.

"Shikamoo, ami."

"Marahaba," likamtoka mzee mdomoni kabla hajaamua.

"Siku uliyonipokea hukuniuliza mimi ni nani. Ulisema tu, ingia. Sijasahau, na sitasahau. Lakini ami, nimechoka kuingia nusu. Nikirudi kwako nitarudi na huu begani, mchana, kwa mlango wa duka, wateja wakiona. Au sitarudi."

"Naseeb, mwanangu, watu watasema nini?"

"Wameshasema, ami. Na mimi bado nimesimama."

Akauinua mshipi, akausogeza mpaka ukagusa kifua cha mzee.

"Ama nivishe, ama nipishe."

Mzee Vuai akautazama ule mshipi. Kwa mazoea ya kazi, kidole gumba kikapita juu ya ukingo wake, kikipima mshono. Kisha akainua uso, macho yamejaa maji, taya limekazwa kama jiwe.

Akanyanyua mkono wake wa kulia juu. Na katika klabu nzima hapakuwa na mtu hata mmoja aliyejua kama mkono ule unakwenda kwenye mshipi au kwenye shavu.